Watalii laki saba, maji ni yale yale

Hesabu ya watalii wanaoingia Zanzibar hutolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na kila ikitolewa hupokewa kwa shangwe. Mwaka 2019 waliingia zaidi ya 538,000. Korona ikaikata hesabu hiyo hadi 260,000 hivi mwaka 2020. Mwaka 2022 wakarudi pale pale na kuzidi kidogo, 2023 wakapita 638,000, na 2024 wakapita 736,000. Visiwa vyenyewe, kwa Sensa ya 2022, vina watu 1,889,773. Kwa makadirio yanayotajwa mara kwa mara, utalii huleta karibu asilimia 30 ya pato la Zanzibar na kama asilimia 80 ya fedha zake za kigeni.

Sina ugomvi na takwimu hizo. Ninachokataa ni kuzifanya kipimo cha mafanikio, kwa sababu mgeni huhesabiwa anapogongewa muhuri uwanja wa ndege au bandarini. Pale hajaoga bado, hajala pweza, wala hajaacha taka. Faida na hasara ya utalii haiko pale. Iko kwenye vijiji vya pwani vya Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, na kwa mtu wa fani ya maji ya chini ya ardhi kama mimi, sehemu yake kubwa haionekani kwa macho. Niruhusiwe basi nianzie chini.

Unguja haina ziwa wala mto wa kujivunia. Mwera na Zingwezingwe ni vijito tu mtu akivilinganisha na mito ya bara. Sehemu ya magharibi na kati ya kisiwa ina udongo wa kina kirefu, na huko ndiko kwenye mashamba na chemchemi. Upande wa mashariki na kusini ni maweni: jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu na mapango, na juu yake udongo haba. Mvua ikinyesha huko haikai. Hupenya mara moja hadi kina ambacho jiwe limeshajaa maji ya bahari, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hubaki yakielea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi.

Wanasayansi wawili wa Ulaya, Ghyben na Herzberg, waliligundua kila mmoja kwa njia yake, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20, jambo ambalo mtu yeyote anayechimba kisima kisiwani hana budi kulijua. Kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ni habari njema, maana akiba ni kubwa kuliko inavyoonekana. Lakini hesabu hiyo hiyo hufanya kazi kinyume pia. Pampu ikishusha maji kwa mita moja na kuyaacha hapo kwa muda mrefu, chumvi kule chini hupanda kama mita 40. Katika jiwe lenye mapango kama la mashariki ya Unguja mambo huwa mabaya zaidi ya hesabu, kwa sababu mpaka kati ya tamu na chumvi si mstari; ni tabaka zima la maji yaliyochanganyika. Kisima hakikauki. Kinaendelea kutoa maji, ila maji hayo hayafai tena.

Wanakijiji hawahitaji maabara kulitambua hilo. Sabuni haitoki povu. Kunde huchemka tangu asubuhi na hazilainiki, kwa sababu ya chokaa. Maziwa yakitiwa kwenye chai hukatika. Mama wa nyumba akishaona hayo, maji ya kisima huwa ya kufulia na kuogea, na ya kunywa hununuliwa kwa dumu. Gharama hiyo haimo katika hesabu yoyote ya mapato ya utalii, ingawa inatoka mfukoni mwa mtu kila siku ya Mungu.

Hoteli hutumia kiasi gani? Mtafiti Stefan Gössling, katika utafiti wake wa pwani ya mashariki uliochapishwa mwaka 2001, alikadiria kwamba mtalii mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku, takriban mara 15 ya mwenyeji. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilichapisha ripoti kuhusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ripoti hiyo iliona kwamba kaya ya kawaida ilitumia lita 93 kwa siku, chumba kimoja cha nyumba ya wageni lita 686, na chumba cha hoteli ya nyota tano hadi lita 3,195. Soma tena: lita 93 ni za kaya nzima, babu na wajukuu pamoja, na zile 3,195 ni za chumba kimoja.

Msomaji atajiuliza mtu mmoja anawezaje kuzimaliza lita zote hizo. Hazimalizi kwa kuoga. Sehemu kubwa kuliko zote huenda kwenye bustani. Nyasi za kijani juu ya maweni haziishi bila kunyweshwa asubuhi na jioni, kwa sababu udongo wenyewe hauna uwezo wa kushika maji, na mengi yanapotea kabla mzizi haujayafikia. Bwawa la kuogelea nalo lina mdomo wake. Katika jua la pwani maji hupungua kwa mvuke kama milimita 5 kwa siku. Kwa bwawa la mita 20 kwa 10 hiyo ni lita 1,000 kila siku, hata kama hakuna aliyetia mguu. Na bwawa hilo mara nyingi limechimbwa hatua chache kutoka Bahari ya Hindi. Hilo mpaka leo hunishangaza.

Kisha kuna suala la majira, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mgeni huja kwa likizo yake au kukimbia baridi ya kwao, na hataki kukutana na mvua yetu. Kwa hiyo hoteli hujaa kati ya Julai na Septemba, wakati wa kusi, na tena kuanzia Disemba hadi Februari, wakati wa kaskazi na kiangazi. Masika yakiingia, nyingine hufunga milango zifanye ukarabati. Maana yake pampu hufanya kazi kwa nguvu zote katika miezi ile ile ambayo ardhi haipokei kitu, na hupumzika ardhi inapojaa. Wastani wa mwaka unaweza kuonekana salama huku kisima cha pwani kikiwa kimeshaingia chumvi Septemba.

Hapo wenye uwezo hutafuta njia. Hoteli itachimba kwa kina zaidi, au itavuta bomba kutoka kisima cha mbali bara ya kisiwa, au itaagiza maboza, au itanunua mtambo wa kuchuja chumvi. Kijiji hakina hata moja kati ya hizo. Tofauti hii ilionekana wazi kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani kwa miezi mitatu. Hoteli ziliwasha majenereta. Pampu za maji ya umma zikalala.

Baadhi ya hoteli zimeweka bomba nje ya ukuta wao, kijiji kichote bure. Ni jambo jema na sipendi kulibeza. Lakini bomba la hisani hufungwa meneja mpya anapokuja na bajeti mpya, na hakuna sheha anayeweza kwenda mahakamani na hisani mkononi. Maji ya kijiji yanapaswa kuwa sharti la kibali, yaandikwe kwa lita.

Tukitoka kwenye maji tukaingia kwenye fedha, utaona mtiririko unaofanana nao. Chukua mfano wa kubuni. Mtalii analipa dola 2,000 kwa wakala wa mji wake kwa wiki moja, kila kitu ndani. Nauli ya ndege inabaki kwa shirika la ndege la nje. Wakala anakata chake. Hoteli, ikiwa mwenyewe yuko ng'ambo, inarudisha faida huko. Kinachofika Kiwengwa ni mishahara, kodi na kile jiko linachonunua sokoni. Na mgeni wa mpango huu wa kila kitu ndani hana sababu ya kutoka nje ya geti: chakula kimelipiwa, kinywaji kimelipiwa, ngoma ya jioni imelipiwa. Muuza kanga wa barabarani na mwenye mkahawa mdogo wanamwona akipita ndani ya basi. Mgeni wa begi la mgongoni, anayelala nyumba ya wageni ya kijijini na kula chipsi na pweza kwa mama ntilie, huhesabiwa "wa hadhi ya chini", ilhali shilingi yake huzunguka kijijini siku hiyo hiyo.

Na jikoni pia kuna hadithi ndefu kuliko ile ya mkulima mvivu tunayosimuliwa. Mbatata, karoti na kabichi hazistawi vizuri kwenye joto la Unguja; zinavuka bahari kutoka nyanda za juu za bara, na hilo halina ubaya. Lakini tungule, bilingani, matango, mchicha na matunda yanaoteshwa hapa hapa. Mpishi anataka kilo zile zile kila Jumatatu, za ukubwa mmoja, na risiti. Mkulima wa robo eka anavuna wiki hii, wiki ijayo hana. Isitoshe, hoteli nyingi hulipa kwa ankara, mwezi au zaidi baada ya kupokea mzigo. Mfanyabiashara mwenye gari na mtaji anaweza kungoja. Mkulima hawezi, kwa hiyo anamuuzia huyo mfanyabiashara shambani kwa bei ya kutupa. Ukiniuliza tatizo la kilimo na utalii Zanzibar ni mbegu au ni muda wa malipo, nitakujibu la pili.

Samaki ana kasoro nyingine kabisa. Hapo soko lipo, na ni kubwa mno. Pweza, ngisi na kamba wakishapata mnunuzi wa hoteli, bei yao hupanda hadi mtu wa kijijini aliyemvua pweza huyo hamli tena. Mvuvi amefaidika, kweli. Jirani yake asiye na mvuvi nyumbani amepoteza kitoweo. Nao mwamba hukanyagwa zaidi kila maji yanapokupwa. Ndipo vijiji kadhaa vikajifunza kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi, pweza wakue, kisha kufungua kwa siku maalumu. Kisiwa Panza, Pemba, wamefanya hivyo wakishirikiana na shirika la Mwambao. Pweza hukua upesi mno, kwa hiyo matunda ya subira huonekana ndani ya msimu mmoja. Kwa samaki kama chewa ungengoja miaka.

Nenda Paje siku ya bamvua, bahari ikiwa imerudi nyuma mbali. Wanawake wako kwenye mashamba ya mwani, maji yakiwafika magotini, wanafunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Kilimo hiki kilianza kibiashara pwani hii mwaka 1989, na ndicho kilichompa mwanamke wa hapa fedha yake mwenyewe kabla hoteli hazijawa nyingi. Maji yakianza kujaa na upepo ukishika, wanafika watalii wa kuteleza kwa vishada. Kamba za kishada na kamba za mwani hazipatani. Mgeni analalamika kwamba vijiti ni hatari. Mwanamke naye analalamika kwamba shamba limevurugwa, tena wakati ambapo cottonii, mwani wenye bei nzuri, umeshindwa kustahimili joto la maji ya kina kifupi. Nani alitangulia kufika? Jibu linajulikana. Ila bahari haina hati, na mwenye hoteli ana hati ya ardhi iliyo mbele yake.

Ardhi yenyewe, tangu 1964, ni mali ya Serikali. Mwekezaji huikodi kwa miaka mingi, na mwanakijiji mara nyingi hulipwa fidia ya minazi na mazao yaliyokuwa juu yake, si thamani ya ufukwe ulio mbele. Kanuni zinataka hoteli ikae mita 30 kutoka pale maji yanapofikia. Anayetembea Nungwi wakati maji yamejaa atajionea mwenyewe kanuni hiyo inavyoheshimiwa. Anayejenga karibu sana hujikuta anajenga na ukuta wa kuzuia mawimbi, na ukuta huo hulirudisha wimbi kwa nguvu, likachimba mchanga wa chini yake na kumnyima jirani mchanga ambao kusi na kaskazi zimekuwa zikiuhamisha huku na huko tangu zamani. Jirani naye anajenga wake.

Nikisema haya yote, nisieleweke kwamba utalii ni balaa. Kizimkazi walikuwa wakiwavua pomboo na kutumia nyama yao kama chambo cha papa. Mwaka 1992 wageni wakaanza kupelekwa kuwatazama, na baada ya miaka michache uvuvi ule ukakoma, kwa sababu pomboo aliye hai alilipa kila siku. Hakuna sheria wala semina ambayo ingefanya kazi hiyo kwa haraka namna ile. Baadaye boti zikazidi. Watafiti waliokaa na wanyama hao waliona kwamba wakizungukwa na boti na waogeleaji hupumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Utalii ulimwokoa pomboo na ndoana, kisha ukamnyima usingizi, na tofauti kati ya mambo hayo mawili ni idadi ya boti tu.

Idadi hiyo ndiyo Chumbe waliyoamua kuishika tangu mwanzo. Kisiwa hicho kidogo chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 kilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1994, kikiwa chini ya kampuni binafsi iliyoanzishwa na Sibylle Riedmiller. Kina mabanda saba ya wageni, basi. Paa la kila banda limeundwa likusanye mvua na kuishusha kwenye tangi lililo chini ya sakafu. Maji ya kuoga hupashwa na jua, kisha huchujwa kwenye vitalu vya mimea. Choo hakitumii maji hata tone; ni cha mboji. Bwawa la kuogelea halipo, na bustani ni msitu wenyewe wa maweni, ambao haujawahi kuomba kumwagiliwa. Waliokuwa wavuvi ndio walioajiriwa na kufunzwa kuwa walinzi wa mwamba, na mapato ya vitanda hulipia mishahara yao na safari za wanafunzi wa skuli kwenda kuona matumbawe, ambayo wengi wao, ingawa ni watoto wa pwani, hawajawahi kuyatazama chini ya maji.

Mashabiki wa Chumbe hupenda kusema kwamba kila hoteli ingefuata mfano huo tatizo lingekwisha. Sikubaliani nao. Mabanda saba ya bei ya juu hayawezi kubeba ajira za kisiwa chenye vijana wengi kama Unguja, na mvua ya paa haiwezi kutosha hoteli ya vyumba 200. Kinachoweza kuigwa ni utaratibu wa kuamua: wao waliuliza kwanza mahali panaweza kutoa maji kiasi gani na kupokea uchafu kiasi gani, ndipo wakahesabu vitanda. Kwingine vitanda vilihesabiwa kwanza, maji yakatafutwa baadaye.

Hata kwenye msitu wa Jozani, ambako kima punju wanavuta wageni wengi, amani na vijiji vya jirani haikuja kwa maneno. Kima walikuwa wakila mazao ya watu, na mkulima hakuwa na sababu ya kumpenda mnyama anayemtia hasara. Sehemu ya kiingilio ilipoanza kwenda vijijini, mjadala ulibadilika. Bado watu hugombania ukubwa wa fungu hilo, na ni haki yao, lakini sasa wanagombania kitu kilichopo.

Zanzibar haikosi sera. Ina kaulimbiu ya "Utalii kwa Wote", ina Uchumi wa Buluu, na tangu Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima kutoka nje ya nchi hulipa dola 44 za bima ya lazima, ushahidi kwamba Serikali ikitaka kuweka sharti kwa kila mgeni, inaweza. Ningekuwa na nafasi ya kuomba sharti moja tu, lingekuwa mita kwenye kila kisima cha hoteli, ziwe zinasomwa na Mamlaka ya Maji kila mwezi pamoja na kipimo cha chumvi, na matokeo yabandikwe ofisini kwa sheha. Mita zikishakuwapo, bei ya maji ipande kwa ngazi: lita za mwanzo za kila mgeni ziwe rahisi, za bustani ziwe ghali, na za kiangazi ghali zaidi. Hoteli inayotibu majitaka yake na kuyanyweshea nyasi, badala ya kuyaacha yavuje kwenye jiwe hadi baharini kulisha magugu yanayosonga matumbawe, ilipe kidogo.

Wenye hoteli watasema itawafukuza wawekezaji. Mita ya kisima haifiki gharama ya usiku miwili mitatu katika chumba cha hoteli ya daraja la juu. Vipimo vya kusi moja na kaskazi moja vingetosha kuanzia, na mjadala wa vitanda vingapi Nungwi inaweza kubeba ungefanyika kwa namba za Nungwi yenyewe, si kwa makisio yangu wala ya wizara.